RunX ya 2ZZ: mwongozo kamili wa kununua na kufufua gari dogo la kasi Lubumbashi

Simama kidogo kando ya chaussée de Kasenga saa za jioni uhesabu magari: IST, Vitz, RunX, tena RunX. Kwa wengi hayo ni magari ya kwenda kazini na sokoni, basi. Lakini kati ya hizo RunX liko toleo moja ambalo Toyota ililitia injini ya michezo na gia sita za mkono, na kwa macho ya mpita njia halina tofauti na la jirani. Hilo ndilo gari la mwongozo huu, kwa sababu kanuni yangu kwa Lubumbashi ni moja: ukitaka gari la zamani lenye kasi na ulitumie kila siku, nunua ndugu mkali wa gari ambalo mji mzima unaliendesha.

Jina lake kamili ni Corolla RunX Z Aerotourer, na pacha wake ni Allex RS180. RunX ilitoka Japani Januari 2001, ikaacha kutengenezwa 2006. Kifuani ina injini 2ZZ-GE ya silinda nne, sentimita za ujazo 1,795, iliyobuniwa kwa msaada wa Yamaha, yenye nguvu za farasi 190 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. RunX ya kawaida ya 1.5 ina farasi 110 hivi. Mwili ni uleule, uzito unakaribia kilo 1,200.

Wako wanaosema heri ununue Volkswagen Golf. Hoja hiyo naielewa. Golf GTI ya kwanza ya 1976, farasi 110 kwenye kilo 810, ndiyo iliyowafundisha watu wengi kupenda magari ya aina hii, na Afrika Kusini iliendelea kuunda mwili huo kwa jina la Citi Golf mpaka 2009, kwa hiyo vipuri vyake vinapatikana kusini. Golf 5 GTI yenye turbo na farasi 200 ni tamu zaidi, ila ikiugua sensa au gia za DSG (otomatiki ya klachi mbili) utamtafuta fundi mwenye kompyuta sahihi mpaka uchoke. Starlet Glanza yenye turbo, farasi 135, ni gari la furaha kabisa, lakini zilizobaki nyingi zimeshachezewa. RunX inashinda kwa jambo dogo lisilo na fahari: rotile, bushi, fani za magurudumu, vioo, milango na taa za nyuma unazipata mjini siku hiyohiyo. Kinachobaki kigumu ni injini na giaboksi tu.

Jua pia kwamba urefu wa mji wetu unakula nguvu. Lubumbashi iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza kama asilimia moja kwa kila mita 100. Farasi 190 za karatasi zinakuwa 165 na kitu. Zinatosha.

Kabla ya kuona gari: pesa na karatasi

Gawanya bajeti yako mara tatu. Mbili ni za kununua, moja usiiguse mpaka gari liwe nyumbani. Anayemaliza pesa zote kwenye ununuzi huishia kuliegesha gari chini ya mwembe miezi sita akingoja plaketi (pedi) za breki.

Serikali imewahi kuweka vikwazo juu ya umri wa magari yanayoingizwa na juu ya usukani wa kulia. Gari la miaka 2001 hadi 2006 linaguswa na yote mawili, kwa hiyo kuagiza jipya kutoka Japani kupitia Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa si njia ya kuanzia. Tafuta lililokwisha kuingia. Ukishawishika kuagiza, muulize kwanza deklarant wa forodha anayefanya kazi Kasumbalesa kila siku, kabla ya kutuma hata dola moja.

Kama una ndugu Ubelgiji, iko njia ya pembeni: Ulaya iliuziwa Corolla TS yenye injini hiihii, farasi 192, na usukani wa kushoto kama barabara zetu zinavyotaka. Chache, lakini zipo. Umri bado utakuwa swali.

Karatasi za kudai ni hizi: karatasi za forodha za DGDA (idara ya forodha), karti rozi (kadi ya usajili), vinyeti (kodi ya gari), kontrole tekniki (ukaguzi wa gari), na asiransi (bima) ya SONAS au kampuni nyingine yenye kibali cha ARCA, msimamizi wa bima. Linganisha namba ya chasi iliyochongwa kwenye ukuta kati ya injini na kabini na iliyoandikwa kwenye karti rozi, herufi kwa herufi. Jina la mwenye gari liwe la mtu aliye mbele yako, au awepo na barua halali ya kuuza. Gari lenye plaki za Zambia na bei ya chini sana linauzwa hivyo kwa sababu forodha haijalipwa. Deni hilo litakuwa lako.

Ukipitia komisioneri (dalali), mkubaliane malipo yake mapema na mbele ya muuzaji. Asipate nafasi ya kuongeza bei katikati.

Kulitambua la kweli

Muuzaji atakuambia: "Mukubwa, motokari iko muzima, hakuna kazi ndani." Mshukuru, halafu fungua boneti.

Kwanza soma kibati cha Toyota. Kodi ya modeli lazima iwe na ZZE123. Ukiona NZE121, hiyo ni ya 1.5 hata kama ina bampa na spoila za Z Aero. Bampa zinauzwa kila mahali. Pili, kifuniko cha injini: 2ZZ imeandikwa VVTL-i. Injini za kawaida zimeandikwa VVT-i, bila L. Tatu, namba kwenye bloku yenyewe ianze na 2ZZ, maana kifuniko cha plastiki kinahamishika kwa dakika mbili. Nne, hesabu gia. Ziko za otomatiki ya gia nne zenye injini hii. Mimi singeichukua, kwa sababu raha yote iko juu ya mizunguko 6,000 na otomatiki inakutoa huko haraka.

Kilomita za dashibodi usiziamini. Angalia mpira wa pedali ya klachi, ngozi ya usukani, na ubavu wa kiti cha dereva. Kisha fungua mlango wa dereva utafute kistika cha Kijapani cha kubadilisha oili, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Kina tarehe na kilomita. Mwaka ukiwa namba ndogo kama 20, hiyo ni hesabu ya miaka ya Kijapani, Heisei: ongeza 1988, unapata 2008. Ikiwa 2008 lilikuwa na kilomita 110,000 na leo dashibodi inasoma 87,000, mazungumzo ya bei yanaanza upya.

Lala chini ya gari. Magari yaliyotoka kaskazini ya Japani yamekula chumvi ya barabara za theluji. Gonga ndani ya matao ya magurudumu ya nyuma na kingo za chini za milango kwa bisibisi. Rangi ya juu inadanganya, sauti ya bati lililooza haidanganyi. Boliti za mbavu za mbele zikiwa na alama za spana, gari liliwahi kugongwa; siyo mwisho wa dunia, ila fungua kapeti la buti na uangalie kama sakafu imenyooka.

Injini: baridi kwanza, moto baadaye

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye injini. Ikiwa ya moto, rudi kesho. Asubuhi ya Juni au Julai, baridi ikishuka chini ya nyuzi 10, ndiyo mahakama nzuri zaidi ya injini.

Vuta kijiti cha oili. Injini hii hupenda kunywa oili ikizeeka, na wengi hawaangalii. Oili ikiwa chini ya alama, tayari umejua tabia ya mwenye gari. Washa usikilize upande wa mkanda wa alternata: 2ZZ haitumii mkanda wa taimingi bali mnyororo, na mlio wa kugongana unaoendelea baada ya sekunde chache maana yake tensheni (kikaza mnyororo) imechoka. Alama ya oili chini ya tensheni ni kawaida, oringi yake huvuja, ni kazi ndogo. Moshi wa bluu ukikanyaga baada ya kuacha injini izunguke polepole gari likiwa limesimama ni kazi kubwa.

Sasa jambo lenyewe. Kila silinda ina kamu za namna mbili, fupi na ndefu. Kwa mwendo wa kawaida injini hutumia fupi, nayo ni tulivu kama Corolla yoyote. Ukifika mizunguko 6,000 hivi, shinikizo la oili linasukuma pini chini ya mkono wa valvu, kamu ndefu inashika, valvu zinafunguka zaidi, na sauti inageuka ghafla kuwa ya hasira. Mafundi wasiolijua gari hili husikia badiliko hilo wakadhani kitu kimevunjika.

Badiliko hilo halitokei injini ikiwa baridi, chini ya nyuzi 60 hivi za maji, wala oili ikipungua. Kwa hiyo endesha kwanza dakika kumi na tano. Tafuta barabara iliyonyooka na isiyo na watu, gia ya pili, kanyaga mpaka mwisho. Ikipita 6,000 ikabaki bubu kama imechoka, usimalize bei: mara nyingi ni boliti mbili zinazoshika shafti za mikono ya valvu. Za miaka ya kwanza zilichakaa au kukatika, zikavujisha shinikizo, na Toyota ikazibadilisha kwa zilizoimarishwa. Boliti zenyewe ni ndogo na bei yake ni ndogo pia. Muuzaji asiyejua sababu atakuuzia gari kama "bovu", na hapo ndipo mtu mwenye habari anapata faida.

Usiridhike na kusikia tu. Mlete fundi na kipimo cha kompresheni, yaani mbano ndani ya silinda. Tofauti kati ya silinda inasema zaidi ya namba zenyewe. Moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya baa moja, ondoka. Sababu ni hii: kuta za silinda za 2ZZ ni alumini iliyoimarishwa kwa nyuzi, hazina silivu ya chuma kama injini nyingi mnazozijua. Fundi akikuambia atazichonga upya na kuweka pistoni kubwa, kama anavyofanya kwa Corolla za zamani, anaua bloku.

Giaboksi: panda kutoka ya pili kwenda ya tatu kwa mizunguko mingi, kisha rudi. Ikikwaruza, pete za sinkroni zimeisha. Na mwulize mwenye gari kama aliwahi kuingiza gia ya chini kwa makosa akiwa kasi. Atakataa. Uliza hata hivyo, umwangalie uso, kwa sababu kosa hilo huvunja pampu ya oili ya injini hii kuliko kitu kingine chochote.

Kufufua: utaratibu ninaoushikilia

Rangi ni ya mwisho. Nasema hivi mapema kwa sababu kila mtu mjini huanza na rangi na rimu.

Siku ya kwanza toa maji yote ya zamani. Oili ya injini 5W-30, lita nne na nusu hivi pamoja na filta. Oili ya giaboksi 75W-90 ya daraja GL-4, lita mbili na kitu. Maji ya breki yatoke mpaka yaje meupe. Nunua oili kwenye duka lenye jina la kulinda. Kopo lililofungwa vibaya au lenye bei ya ajabu liache hapohapo, kwa sababu kwenye injini hii oili ndiyo inayosukuma pini za valvu. Badilisha filta ya hewa, bujii za iridiamu, na safisha sensa ya hewa kwa dawa yake, siyo kwa petroli.

Wiki hiyohiyo, breki. Usichukue plaketi za RunX ya kawaida kwa kubahatisha. Ng'oa ya zamani uende nayo dukani. Kagua mipira ya breki, ikiwa na nyufa ibadilishe yote. Gari la farasi 165 halali linastahili kusimama.

Halafu upozaji, na hapa nagombana na mafundi wetu wengi. Desturi ya kutoa termostati (vali inayoshikilia joto la maji ya injini) "ili moteri isichemke" isiingie kwenye gari hili. Bila termostati maji hayafiki joto lake, hasa asubuhi za kiangazi, oili inabaki nzito, injini inakunywa petroli, na kamu ndefu inaweza isishike kabisa. Utakuwa umenunua farasi 190 ukaendesha za Corolla. Weka termostati mpya ya Toyota, rejeta yenye vichwa vya plastiki visivyo na nyufa, na maji ya rangi ya kupozea yanayouzwa kwenye kopo, siyo ya bomba. Jaribu feni zote mbili ukiwa umesimama kwenye foleni.

Baada ya hapo fungua kifuniko cha valvu. Badilisha boliti zile mbili hata kama zinaonekana nzima, oringi ya tensheni ya mnyororo, na gasketi ya kifuniko chenyewe. Safisha vichujio vidogo vya vali za oili zinazoendesha kamu. Mara nyingi vimejaa tope jeusi. Kazi hii apewe fundi mwenye ufunguo wa kupima nguvu ya kukaza. Asiye nao atakuambia mkono wake unajua. Nenda kwa mwingine.

Mfumo wa chini ndio sehemu rahisi. Mbele kuna amotisere (shokapu) za MacPherson, nyuma boriti moja ya kujipinda, na karibu kila kipande mafundi wanakijua kwa kufumba macho. Bushi za mikono ya chini, rotile, vijiti vya stabilaiza, fani. Fanya pande zote mbili pamoja, kisha pima usawa wa magurudumu. Tafadhali usilishushe gari. Mashimo ya msimu wa mvua hayana heshima kwa springi fupi, na bakuli la oili la injini liko chini kuliko unavyofikiri.

Umeme: batri, nyaya za ardhi, na kung'oa alamu iliyofungwa na mtu wa njiani. Nusu ya magari "yenye kasoro ya kompyuta" yana waya mmoja uliounganishwa kwa selotepu.

Vipuri vya injini vinatoka wapi

Vya kawaida, mjini. Vya 2ZZ, elekeza macho kusini: Afrika Kusini iliuziwa RunX RSi yenye injini hiihii ya kilowati 141, kwa hiyo Johannesburg ina watu wanaoijua na vyombo vyake. Mzigo mdogo huja na mabasi na wachukuzi kupitia Zambia mpaka Kasumbalesa. Tuma picha na namba ya kipuri, usitume jina tu. Injini hii ilitumika pia kwenye Celica na Lotus Elise, hivyo namba nyingi za vipuri zinafanana. Ndola na Kitwe jaribu kwa giaboksi na nusu-gari (gari lililokatwa, sehemu ya mbele tu). Ukinunua injini nzima iliyotumika, dai ipimwe kompresheni kabla ya kupakiwa, na ije na kompyuta yake na nyaya zake.

Kuliishi kila siku

Uwiano wa kompresheni ya 2ZZ ni 11.5 kwa 1, nayo ilitengenezewa petroli ya oktani ya juu. Urefu wa mji wetu unasaidia kidogo kuzuia kugonga ndani ya injini, lakini petroli ya bidoni yenye maji haisaidiwi na kitu. Jaza kwenye stesheni yenye foleni, ambako mafuta hayakai. Ukisikia kama mawe madogo yakigongana ukipanda mlima, punguza mguu na ubadilishe stesheni.

Kuanzia Mei hadi Septemba vumbi jekundu linajaza filta ya hewa. Ikung'ute kila mwezi, ibadilishe kabla ya mvua. Zile filta za michezo za kuachwa wazi, uza. Mvua zikianza, usivuke maji yanayofika katikati ya gurudumu, kwa sababu injini inayovuta maji inapinda fimbo za pistoni hapohapo.

Matairi yenye ubavu mnene wa 60 kwenye rimu ya inchi 15 yanavumilia mashimo kuliko rimu ya 17 inayong'aa. Hesabu matundu ya boliti kabla ya kulipa rimu yoyote.

Taa. Gari la Japani limetengenezwa kwa barabara ya kushoto, kwa hiyo mwanga wa chini unainuka upande wa kushoto, yaani machoni mwa anayekuja kwako hapa Kongo. Shusha taa mbele ya ukuta, au ziba kwa stika sehemu ya kioo inayoinua mwanga. Wanaokutana nawe usiku route Likasi watakushukuru.

Na usukani ukiwa kulia, kulipita lori la shaba ni kazi ya watu wawili. Ukiwa peke yako, kaa nyuma mbali mpaka uone barabara nzima. Gia ya tatu ya gari hili itakupitisha ukiwa na nafasi, hakuna haja ya kuchungulia. Kioo kidogo cha duara kwenye kioo cha kushoto kinasaidia.

Oili ya injini badilisha kila kilomita 5,000, na pima kijiti kila unapojaza tangi. Acha lita moja ya oili ileile kwenye buti, imefungwa wima, pamoja na kitambaa.